Jina Lililobaki Nyuma ya Picha

Dionisia alikuwa mtu wa kuandika alichopewa. Ukimletea barua ya kuomba kazi iliyojaa uongo, aliupiga chapa uongo wako bila kukunja uso, akaupanga pembeni na katikati mpaka wenyewe ukaanza kupendeza. "Mpiga chapa hana maoni," alikuwa akisema. Mimi Gabrieli nina maoni juu ya kila kitu, hata mambo yasiyonihusu, ndiyo maana tulisumbuana sana kabla ya kuelewana.

Alizaliwa Nachingwea mwaka 1961, binti wa dereva wa lori. Alipomaliza shule alikwenda Mtwara kusomea upigaji chapa, akarudi na vidole ambavyo havikutulia tena. Hata kanisani, padri akihubiri, ungeviona vinagonga juu ya kitabu cha nyimbo, vinaandika mahubiri. Akaajiriwa katika ofisi moja ya ushirika, na kwa miaka kumi na minne hakuna barua iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Mwaka 1996 ofisi ikafungwa. Wenzake waliondoka na barua za shukrani. Yeye aliondoka na taipureta. Akaipakia kwenye lori hadi Ruangwa, kwa sababu Ruangwa ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa wilaya, na wilaya mpya ina maombi mengi kuliko majibu. Akakaa kwenye baraza ya duka moja karibu na ofisi za serikali, akawapigia watu barua, mikataba na wosia.

Mambo yalimwendea vizuri mpaka duka la vifaa vya ofisi la jirani lilipoleta kompyuta. Ghafla kila mtu akataka barua yenye herufi nono na mistari ya mapambo. Kwa miezi mingi Dionisia alikaa na mashine yake kama mama aliyepika halafu wageni wasije. Aliyemwokoa ni Mzee Twaha.

Mzee Twaha alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa korosho na ufuta kule kijijini Matambarale. Mtu mrefu, mkimya, kofia nyeupe kila siku, na heshima yake ilimtangulia njiani. Kikundi kilihitaji karani. Baadhi ya wanachama walitaka kijana aliyesoma kompyuta, lakini mzee aliwaambia, "Huyu mama sijawahi kuona barua yake yenye kosa." Basi. Dionisia akapata kazi. Tangu siku hiyo, ungemtukana mama yake mzazi angekusamehe kabla ya kukusamehe kumsema vibaya Mzee Twaha.

Mwaka 2006 mgeni mmoja aliyekuja kuangalia ufuta aliwaambia kwamba wanunuzi wa siku hizi hutafuta wakulima kwenye intaneti. Kikao kikakaa siku nzima. Mwisho wakaamua kikundi kiwe na ukurasa wake wa mtandao, na kwa vile karani ni Dionisia, Dionisia akajifunze. Kila mwanachama alitoa ufuta wa kulipia mafunzo, na mafunzo yenyewe yalikuwa kwangu, Nachingwea.

Duka langu lilikuwa na kompyuta nne, tatu zikifanya kazi. Ukutani nilibandika cheti nilichokipata Dar es Salaam. Nilikibandika juu kidogo, watu wasije wakasoma kwamba kozi ilikuwa ya wiki sita. Intaneti yangu ilipita kwenye waya wa simu na ilijikokota mno. Picha moja ilichukua muda wa mtu kunywa chai na kuosha kikombe. Na mimi si mtu wa subira, nasema mapema. Mteja akigonga kibodi kwa nguvu nilikuwa namwambia akagonge milango ya kwao.

Kwa hiyo alipoingia huyu mama wa miaka arobaini na mitano, mkoba kwapani, akanisalimu, akaketi, akaanza kuigonga kibodi yangu kama anapasua korosho, nikajua tumekwisha.

"Dada Dionisia, taratibu. Hii haitaki nguvu."

"Nisipoigonga itajuaje kama nimeandika?"

Nilimfundisha kwa njia niliyofundishwa mimi. Kwamba ukurasa wa mtandao ni maandishi matupu, yamechanganywa na alama zilizofungwa ndani ya mabano yenye ncha. Ukitaka neno liwe nene unaanza kwa <b>, unaandika neno, unamaliza kwa </b>. Alama ya kwanza inafungua, ya pili yenye mkwaju, kile kijistari cha mshazari, inafunga. Hilo alilielewa haraka. "Sufuria na mfuniko," akasema, na siku nzima akawa ananung'unika mwenyewe, mfuniko, mfuniko, mfuniko uko wapi. Siku aliyosahau mfuniko mmoja, ukurasa mzima kuanzia hapo kwenda chini ulinenepa, na akashtuka hata akasimama.

Lililomuudhi hasa ni nafasi. Miaka yote hiyo alikuwa fundi wa kupanga maneno kwa kuhesabu nafasi, kichwa cha habari kikae katikati sawasawa. Akapanga kichwa cha kikundi vile vile, nafasi kumi na nane, akafungua ukurasa kuutazama. Kichwa kilikuwa kimejibana kushoto.

"Nafasi zangu zimekwenda wapi?"

"Hii haihesabu nafasi, dada. Ukiweka moja au mia, yenyewe inaona moja."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyezila. "Basi ina dharau," akasema, na ni kweli ina dharau.

Kwake Ruangwa hakuwa na kompyuta ya kufanyia mazoezi. Unajua alifanya nini? Alifanya mazoezi kwenye taipureta. Alipiga kurasa nzima za zile alama za mabano, ziitwazo HTML, kwenye karatasi, na kwa vile mashine yake haikuwa na mabano yenye ncha, aliacha nafasi kisha akayachora kwa kalamu, moja moja, yote yanalingana. Kila Alhamisi alikuja kwa lori la asubuhi na karatasi hizo kwenye mkoba, pamoja na nakala za kaboni. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilizisoma, nikakuta hakuna kosa hata moja, nikaacha kucheka.

Kilichomtesa ni woga wa kufuta. Kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kosa lilikuwa ni msiba: unapaka dawa, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena ukiomba Mungu, na bado doa linaonekana. Kwangu alikuwa akikosea anaondoa mikono yote miwili kwenye kibodi, ananiita. Nilimwonyesha mara ngapi sijui: rudi nyuma, futa, andika, hifadhi, imekwisha. "Na doa?" akauliza. Nikamwambia hakuna doa. Hakuniamini.

Baada ya wiki tisa ukurasa ulikuwa tayari. Jina la kikundi juu, maelezo ya ufuta na korosho, namba ya simu ya mwenyekiti, na sehemu ya historia. Kwa ajili ya historia Mzee Twaha alitoa picha yake ya zamani sana, ya mwaka 1955, vijana wanne wa shule wamesimama na majembe mbele ya kitalu cha mikorosho. Alimpa Dionisia akamwambia, "Weka hii. Wa pili kutoka kushoto ni mimi." Nikaipitisha picha kwenye skana, nikamwonyesha Dionisia alama ya kuweka picha. Nikamwambia pia, na hapa naandika kosa langu kwa mkono wangu, kwamba kila picha ina maneno yake ya akiba ambayo huandikwa ndani ya alama hiyo hiyo baada ya neno alt. Picha ikichelewa kufika, mtu anasoma kwanza maneno. "Andika yale yale ya chini ya picha," nilimwambia. "Nakili tu."

Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya wino, ya mwalimu wa zamani: majina ya watoto wanne, kutoka kushoto. Dionisia alifanya alichofanya maisha yake yote. Aliandika alichopewa. Alinakili majina manne chini ya picha, na kwenye la pili akaongeza kwa furaha kwamba huyu leo ndiye mwenyekiti wetu, Mzee Twaha. Tukaupandisha ukurasa mtandaoni siku hiyo hiyo, tukapeana mikono.

Jumanne iliyofuata Mzee Twaha aliingia dukani kwangu peke yake. Alikuwa na vumbi hadi magotini. Dionisia alikuwapo kwa bahati, amekuja kurekebisha namba ya simu.

"Shikamoo, baba," akasema Dionisia.

"Marahaba." Hakuketi. "Mwanangu, jana Masoudi amenipigia kutoka Dar es Salaam." Masoudi alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. "Ameona picha yangu. Akafurahi. Akanisomea majina."

Mimi nikadhani anatupongeza, nikataka kumletea kiti.

"Mpwa wangu," akasema Mzee Twaha, "ameniita jina ambalo hajawahi kuniita mtu tangu nitoke jandoni."

Nikakiacha kiti. Mimi ni Mmakonde, nimepita huko huko, na sihitaji kuelezwa. Kwa wale wasiojua: kwetu huku mtoto wa kiume akienda jandoni huacha jina lake la utotoni. Kumbi lile wanamokaa huchomwa moto siku ya kutoka, nao hutoka na majina mapya, na lile la zamani halitamkwi tena na yeyote, wala mama mzazi. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumvua nguo sokoni. Vijana wa mjini siku hizi hawajali sana. Watu wa umri wa Mzee Twaha wanajali.

Na ile picha ilipigwa kabla ya jando. Majina yote manne yalikuwa ya watoto.

Dionisia alikuwa ameshika mdomo. "Baba, nilinakili. Nilikuta yameandikwa nyuma, nikanakili. Sikufikiri."

"Najua hukufikiri." Alisema taratibu, na ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. "Jumamosi wanachama wote wanakuja hapa kuuona ukurasa wao. Lori limeshapatikana. Watu thelathini, na wajukuu, na watani wangu. Jina hilo likiwapo, mimi siji. Na uenyekiti nitawaachia wengine, kwa sababu siwezi kusimama mbele ya kikao watu wakiwa wanalijua."

Kila mmoja wetu alijua maana yake. Mzee angeshuka kwa aibu mbele ya kijiji chake, naye Dionisia, aliyeaminiwa kwa sababu barua zake hazina kosa, ndiye angekuwa amemshusha.

"Linafutika?" akauliza mzee. "Au ndiyo limeshaandikwa?"

Dionisia alinitazama. Nilimwambia akae mwenyewe kwenye kiti, afute mwenyewe. Akafungua faili, akatafuta mstari, akafuta. Kisha akamgeukia mzee kumuuliza aandike nini. Mzee Twaha sasa akaketi. Akaichukua picha yenyewe mkononi.

"Andika wa kwanza ni Mfaume. Baba yake Mwamina, mweka hazina wetu. Wa pili mimi. Wa tatu Swalehe. Wa nne Bakari." Akamtaja kila mmoja polepole kwa jina lake la utu uzima. "Hawa wote wameshafariki. Hata wao usiwaache na yale majina."

Dionisia akaandika, akahifadhi, tukapandisha, tukafungua ukurasa upya. Picha ile, na chini yake: Mfaume, Twaha, Swalehe, Bakari. Safi. Hakuna doa. Dionisia alisogeza uso karibu na kioo akatafuta alama ya kufutia, kama alivyokuwa akizitafuta kwenye karatasi, hakuiona. Akaanza kulia pale pale, akicheka.

"Na Dar es Salaam?" mzee akauliza. "Kule nako limefutika?"

"Ni ukurasa mmoja, baba," akajibu Dionisia. "Ukifutwa hapa umefutwa kote."

"Na Masoudi?" nikauliza mimi, kwa sababu siwezi kunyamaza.

"Masoudi nimemwambia alichosoma amekisahau," akajibu Mzee Twaha. "Akasema, 'Nimesahau, mjomba.' Ni mtoto mzuri." Akainuka, akatuaga. Mlangoni akageuka akamwambia Dionisia kwamba kwa desturi angemtoza jogoo, lakini kwa kuwa ameandika vizuri amemsamehe. Tulipumua.

Tulipumua mapema mno.

Jumamosi lori lilifika saa nne. Walijaa dukani, barazani na dirishani: akina mama wa vitenge vipya, wazee na bakora zao, watoto mabegani. Nilikuwa nimeitengeneza ile kompyuta ya nne kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu ilikuwa na kioo kikubwa, nikaiweka mbele. Dionisia alikaa kwenye kibodi, gauni la kijani, amesuka. Mzee Twaha alipewa kiti cha mbele. Pembeni yake alisimama Mwamina, mweka hazina, mwanamke mnene mchangamfu ambaye alijifunza kusoma ukubwani na tangu hapo husoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata kwenye boksi la sabuni.

Ukurasa ukaanza kufunguka. Jina la kikundi likatokea, watu wakapiga vigelegele. Mwamina akalisoma kwa sauti, wakapiga tena. Akasoma kuhusu ufuta. Akasoma kuhusu korosho. Kisha ikafika historia, na picha, kwa uzito wa ile intaneti yangu, ilikuwa bado njiani. Mahali pake palitokea kisanduku kitupu, na ndani ya kisanduku, herufi ndogo ndogo.

Niliziona kabla ya kuzielewa. Maneno ya akiba. Yale niliyomwambia anakili tu. Tulifuta majina chini ya picha, lakini ndani ya alama yenyewe, baada ya lile neno alt, hatukugusa kitu. Siku ile hatukuyaona kwa sababu kompyuta tuliyotumia ilikuwa na picha tayari tumboni, ikaionyesha mara moja. Hii ya leo ilikuwa haijawahi kuiona.

"Mmh, hapa pameandikwa kidogo kidogo," akasema Mwamina, akivaa miwani. Akainama. "Wa-na-fu-nzi wa..." Watu wakanyamaza kumsikiliza. "Wanafunzi wa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano. Ku-to-ka kushoto..."

Jina lililofuata lilikuwa la baba yake. La utotoni. Alikuwa anakwenda kulitamka kwa sauti yake mwenyewe mbele ya kijiji kizima, naye hakujua, na la pili lilikuwa la Mzee Twaha. Nilimwona mzee ameshika mikono ya kiti. Alikuwa ameshalisoma. Mimi nilikwama. Mwenye cheti ukutani nilisimama pale kama mti.

Dionisia hakukwama. Aliinama chini ya meza akang'oa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. "Aaah!" wakasema watu thelathini kwa pamoja. "Umeme! Umekatika!" Na kwa vile umeme kwetu ulikuwa ukikatika kila siku ya Mungu, hakuna aliyeshangaa hata kidogo. Feni yangu ya darini iliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyao, wala hakuna aliyeinua macho.

Hapo akili zangu zikarudi. "Jamani, ndugu zangu," nikasema, "utarudi sasa hivi. Nendeni mkanywe chai kwa Albina hapo jirani, nitawaita." Wakatoka wakilaumu serikali, Mwamina akiwa wa kwanza, kwa sababu Albina alikuwa na maandazi ya moto. Nikafunga mlango. Tulibaki watatu.

Nilitaka kumgombeza Dionisia kwa kompyuta yangu. Kuing'oa hivyo inaweza kufa kabisa. Nikamwangalia kwanza. Alikuwa amekaa chini sakafuni na waya mkononi.

"Baba nisamehe," akasema. "Nilidhani nimefuta. Naapa nilidhani nimefuta."

"Lawama ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia anakili. Na siku ile nilisahau kabisa kwamba lipo pale ndani." Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kukubali kosa mbele ya mteja. Haikuniua.

Mzee Twaha alikuwa bado ameketi. Akavua kofia, akapangusa kichwa. "Washa," akasema. "Nionyeshe mahali lilipo."

Kompyuta ilichukua muda kuamka, ikajikagua, ikanung'unika, ikaamka. Dionisia akafungua faili, si ukurasa wenyewe bali maandishi yake ya ndani, pamoja na mabano yote. Akashuka mstari kwa mstari hadi alama ya picha. Akaelekeza kidole. Mzee akainama. Akalisoma midomo imefungwa. Mimi nilitazama pembeni, lakini nilishaliona, na hapa silitaji.

"Tulipotoka kumbini," akasema mzee, "moto ulipowashwa walituambia tusigeuke nyuma. Mimi niligeuka kidogo." Akatabasamu peke yake. "Naweza kufuta mimi?"

Dionisia akampisha kitini. Akamwekea kiashiria mwisho wa jina, akamwonyesha kitufe. "Bonyeza hiki, baba. Kila ukibonyeza inaondoka herufi moja. Taratibu, haitaki nguvu."

Alibonyeza kwa kidole kimoja cha mkulima, akisubiri kila herufi iondoke ndiyo abonyeze tena. Ilipokwisha ya mwisho, Dionisia akamgusa mkono asije akafuta na koma. Kisha mzee akataka ya wenzake. Akafuta la Mfaume, la Swalehe, la Bakari, bila haraka, na nje tulikuwa tunawasikia watu wanacheka kwa Albina. Alipomaliza, Dionisia akaandika majina manne ya watu wazima pale pale, akahifadhi, akapandisha. Mara hii alilipekua faili zima, kuanzia juu hadi chini, mara mbili, kisha akamwomba mzee naye alipekue. Akalipekua.

"Sasa limekwenda wapi?" akauliza.

"Halikwenda mahali, baba," akajibu Dionisia. "Halipo tu."

Mzee Twaha alitoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo alioubeba kutoka mbali, mabega yakashuka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Dionisia naye akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyotaka kukiri, na sasa sikuogopa tena.

Nikafungua mlango. "Umeme umerudi!" Wakarudi na makombo ya maandazi midomoni, wakajibana kama mwanzo. Dionisia akafungua ukurasa. Jina la kikundi, vigelegele. Ufuta. Korosho. Kisha kisanduku kitupu, na herufi ndogo ndogo ndani yake.

"Enhe, tuliishia hapa," akasema Mwamina, akirudisha miwani. "Kutoka kushoto. M-fa-u-me." Akaishia hapo. Akalisoma tena kimya, akamgeukia Mzee Twaha. "Mfaume yupi?"

"Subiri," akasema mzee.

Picha ilianza kushuka kutoka juu, kipande kwa kipande: kwanza anga, halafu majani ya mikorosho, halafu nywele za vijana wanne, halafu nyuso. Mtoto wa kwanza kushoto alikuwa amekunja uso kwa jua na jembe limemzidi urefu. Mwamina alifikisha kidole kwenye kioo. Mimi huwa sitaki watu waguse vioo vyangu, siku hiyo nilinyamaza.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Sijawahi kumwona akiwa mtoto."

"Ndiye," akasema Mzee Twaha. "Ndiye Mfaume."